Ng'ombe wa Jikoni na Saa ya Shingoni

Aliyeniponza alikuwa ng'ombe mpole, kwa hiyo nianze naye. Mtaelewa kwa nini wiki ile, nilipowakuta ninyi vijana pale Misugusugu mkimvalisha kifaa ng'ombe aliyesimama kimya akicheua, nilishindwa kupita nikanyamaza.

Mlinijibu kwa adabu. "Shikamoo babu. Hiki kinatuma habari kwenye simu, kinatuambia ng'ombe amekula saa ngapi na amepumzika saa ngapi." Nikasema marahaba, nakifahamu. Mkatazamana. Hamkujua kwamba mimi niliwavalisha ng'ombe saa shingoni, Kibaha na Kisarawe, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati simu ilikuwa moja tu ofisini na kufuli yake ilikuwa na ufunguo, na ufunguo alikaa nao karani.

Saa yetu haikutuma habari popote. Ilikuwa kidude cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kizito kama nusu tofali. Ndani mlikuwa na mashine ya saa ya kutia ufunguo, na juu ya mashine karatasi ya mviringo iliyopakwa nta, ikizunguka polepole, mzunguko mmoja kwa wiki. Kando yake kulikuwa na kipande cha chuma kinachoning'inia, chenye sindano. Ng'ombe akitikisa shingo, chuma kinacheza, na sindano inakwaruza nta. Basi. Akila, mkwaruzo unakuwa mnene na wa ovyo, kwa sababu anavuta majani huku na huku. Akitembea, mkwaruzo unakwenda kwa mpigo mmoja kama cherehani. Akisimama au akilala, inabaki njia nyembamba, safi kama uzi. Kila Jumatatu nilifungua, nikatoa karatasi, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na wiki nzima ya ng'ombe ilikuwa mkononi mwangu. Nawaambia kweli, sijapata kusoma kitabu kilichonifurahisha kama zile karatasi.

Na mimi si mtu wa vitabu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona lori la mkaa linapita, nikataka kujua linakwenda wapi, nikadandia. Lilikuwa linakwenda Pugu tu, lakini nilipofika Pugu nikaona machimbo ya kokoto, nikataka kujua mawe yanapasuliwaje. Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka karibu miaka thelathini. Nimepasua kokoto, nimepakia korosho, nimekuwa utingo, nimepika chai. Hakuna kazi niliyokaa misimu miwili. Na niseme lililo kweli: nyingi nilizikimbia. Nikiharibu kitu, sikungoja kuulizwa. Jioni natafutwa, mimi nimeshafika wilaya nyingine.

Kazi ya ng'ombe ilinikuta kwa fundi saa, Kisarawe, kibanda cha karibu na stendi ya mabasi. Nilikuwa nafagia pale na kujifunza kwa kuchungulia. Siku moja akaja mtu mmoja mwenye suruali imejaa mbegu za majani mpaka magotini. Huyo alikuwa Bwana Lyimo, mtaalamu wa malisho katika shamba la mifugo la umma lililokuwa na makao Kibaha na tawi huku kwetu Kisarawe. Akaweka kile kidude mezani. Fundi akakigeuza, akasema, "Hii si saa, ndugu yangu. Sijui ni nini." Mimi nikakiomba. Nikakifungua, nikabana kioo cha fundi jichoni, nikaona meno ya gurudumu yamesimama. Katikati ya meno mawili kulikuwa na kupe mkavu.

Nikamtoa kwa sindano. Saa ikaanza kulia.

"Unafanya kazi gani hapa?" Bwana Lyimo akaniuliza.

"Nafagia."

"Jumatatu njoo Kibaha."

Nikaenda kwa sababu moja tu, nilitaka kujua kupe alifikaje mle ndani.

Kuna mambo ya kazi ile hamtayapata kwenye karatasi za maelekezo. Mkanda wa ngozi ni mzuri wakati wa kiangazi, lakini masika ngozi ikilowa na kukauka inajibana. Nilimfunga fahali mmoja mkanda wa ngozi mwezi wa mvua, nikamkuta na kidonda shingoni. Tangu siku ile nikakata mikanda ya mpira wa ndani wa tairi, na chini yake nikashonea makumbi ya nazi yaliyopondwa laini. Bwana Lyimo aliipenda akaiita mikanda ya Ramadhani, yaani mimi. Kipimo cha kukaza ni ngumi yako: ngumi ipite kati ya mkanda na shingo, ngumi mbili zisipite. Na ukishamaliza kufunga, usiondoke. Kaa umtazame mpaka asahau kwamba amevaa. Ng'ombe akikumbuka amevaa anakwenda kujisugua mtini, na karatasi yako itasema anakula kumbe anakuna shingo.

Hilo la kukaa na kutazama alinifundisha Mzee Pazi, mchungaji wa kundi la Kisarawe. Alizaliwa kijiji cha Janga, Mzaramo wa kwao kabisa, na kwa ajili hiyo wenzake kutoka bara walimtania kila siku: Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi, wewe rudi kwenye minazi. Yeye aliwajibu, "Nazi ikianguka haifuati mtu. Ng'ombe nikimwita anakuja. Nani mchungaji hapo?" Alikuwa kwenye shamba lile tangu likiwa pori, na aliwajua ng'ombe kwa kwato zao.

Ilibidi tuhakikishe kama saa inasema kweli, kwa hiyo mara nyingine nilikaa malishoni kutwa, na kila baada ya dakika kumi nilitazama ng'ombe wangu. Akiwa anakula, natoa punje mfuko wa kulia natia wa kushoto. Siku ya kwanza, kabla sijapata punje, nilimwomba Mzee Pazi aniazime tasbihi yake ya kuhesabia. Akanitazama. "Hii inamhesabia aliyewaumba, haiwahesabii wao." Akanipa korosho za kukaanga. Jioni akauliza, "Haya Fundi Saa, ng'ombe wako leo amekula mara ngapi?"

Nikatia mkono mfuko wa kushoto. Mlikuwa na korosho mbili.

"Ng'ombe sijui," nikamwambia. "Mimi nimekula mara nyingi."

Kesho yake akaniletea kokoto.

Sasa turudi kwa ng'ombe mpole. Saa zilikuwa tatu tu na makundi matatu, kwa hiyo kila kundi lilipata saa moja. Bwana Lyimo alinielekeza vizuri kabisa: chagua ng'ombe yeyote, lakini kila wiki mbadilishe. Kibaha nilifanya hivyo. Kisarawe kulikuwa na tabu, eneo halina uzio, na ng'ombe wale wa vilimani walikuwa wakali. Lakini alikuwapo mmoja, tukimwita Bibi Harusi. Mama yake alikufa akamwacha mchanga, akakuzwa kwa chupa jikoni kwa wafanyakazi. Ukimvalisha saa anainamisha shingo kama anavalishwa mkufu. Nikamvalisha wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikasema nitambadilisha wiki ijayo. Ikapita miezi. Kila Jumatatu nikishuka kwenye basi namkuta jikoni, namvua jikoni, namvalisha jikoni, nakunywa chai nageuza. Juu ya karatasi naandika: Kundi la Kisarawe. Jina la ng'ombe siandiki. Na wala sikujiuliza ng'ombe wa malishoni anatafuta nini jikoni.

Wakati huo ng'ombe wa Kisarawe walianza kukonda. Kila walipopimwa kwenye mizani walikuwa nyuma ya wenzao wa Kibaha. Meneja wa shamba akataka kujua sababu, na mimi kwa mikono yangu nikampelekea karatasi. Akazibandika ukutani. Kila siku tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, uzi safi. Kundi limesimama.

Mzee Pazi akaitwa Kibaha. Alikuja na kofia yake ya kiua, akasimama katikati ya ofisi, na mimi nimesimama mlangoni.

"Mzee Pazi," Meneja akasema, "saa haina chuki na mtu. Ng'ombe hawali kwa sababu hawachungwi. Mchana unalala."

"Nilale, Ndugu Meneja? Ng'ombe waingie muhogo wa kijiji, niamshwe na balozi wa nyumba kumi?"

"Karatasi inasema wamesimama kwa saa tano kila siku."

"Basi karatasi ndiyo imelala."

Mmoja wa wachungaji wa Kibaha akanong'ona, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba kazi ya ng'ombe ina wenyewe. Watu wakacheka. Mzee Pazi hakucheka. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na sasa angeondoka na barua inayosema ni mvivu, na kila aliyewahi kumwambia arudi kwenye minazi angesema, si tulimwambia.

"Jumatatu ijayo barua yako itakuwa tayari," Meneja akasema.

"Sawa. Lakini kama saa hiyo inasema kweli, nivalisheni na mimi. Tuone nani analala."

Ofisi nzima ikacheka, hata Meneja. Kisha Meneja akanigeukia. "Si amejitakia mwenyewe? Mvalishe. Ana wiki moja."

Tulirudi wote wawili, basi la Dar, kisha basi la Kisarawe, begi langu likiwa na saa zote tatu. Tulikuwa tunakaribia Pugu. Hapo Mzee akauliza, taratibu, "Fundi Saa, ile saa ya kundi langu huwa anavaa nani?"

"Bibi Harusi."

"Bibi Harusi yule wa jikoni?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yeye akatazama nje dirishani. Bibi Harusi tangu utotoni alikuwa na mazoea yake: saa nne analiacha kundi, anakuja kusimama nyuma ya jiko, anangoja maganda ya muhogo na ukoko wa ugali, na hapo hang'oki mpaka vyombo viishe kuoshwa, saa tisa. Mzee alimwachia kwa sababu alimhurumia tangu ndama. Kila mtu Kisarawe alilijua hilo. Hata mimi nililijua, ila sikuwahi kuliweka pamoja na karatasi. Miezi yote ile nilikuwa napima ng'ombe mmoja mlafi na kuliandika kundi zima.

Basi liliposimama Pugu, nilishuka.

Naliandika hili kwa sababu mimi ni mzee sasa na aibu yake imekwisha. Nilishuka na begi. Machimbo ya kokoto yalikuwa pale pale, na jamaa wa zamani wangenipokea. Saa ningempa mtu azirudishe. Niliwaza: nikisema, nafukuzwa mimi; nisiposema, anafukuzwa yeye; nikiondoka, sitajua kilichotokea. Nadhani ni hilo la mwisho lililonishika. Maisha yangu yote nilikuwa nikiondoka kwa sababu nilitaka kujua kilicho mbele. Safari hii nilitaka kujua kilicho nyuma yangu. Kondakta akagonga bati. Nikapanda.

Mzee Pazi alisogea akanipisha. "Nilidhani umekwenda kujisaidia," akasema.

"Kosa ni langu, Mzee. Nitasema mwenyewe."

"Utasema. Lakini maneno yako na yangu ni maneno tu. Kwanza mvalishe Kimbunga."

Kimbunga alikuwa jike la pembe ndefu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulishika shingo. Nikasema tutamkimbiza. Mzee akatikisa kichwa. "Ng'ombe mkali hakimbizwi. Anangojwa anapopita mwenyewe." Kesho yake ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wote walipita kwenye kile kichochoro cha mbao, mmoja mmoja, wakatumbukia kwenye dawa ya kupe, wakatoka upande wa pili kusimama wachuruzike maji. Ukimvalisha saa kabla ya josho, dawa inaingia ndani na saa imekufa. Kwa hiyo tulingoja pale pa kuchuruzikia, Kimbunga akiwa amebanwa na wenzake, macho yanamwasha, hana nafasi ya kugeuza pembe. Mzee akamshika pua, mimi nikafunga. Alinipiga teke moja la paja ambalo mvua zikija linanisalimia mpaka leo. Lakini ngumi moja ilipita, ngumi mbili hazikupita.

Saa ya pili nilimvalisha tena Bibi Harusi, makusudi. Ya tatu ilikuwa ya Mzee mwenyewe. Hapo akaweka masharti.

"Mkanda huo umekaa kwa ng'ombe?"

"Umekaa."

"Una mavi. Mimi siswali na najisi kiunoni."

Nikakata mkanda mpya, nikaiosha saa kwa nje kwa maji na sabuni ya kipande mpaka ikang'aa, nikamfunga kiunoni juu ya kaptula. Alitembea hatua tatu, akageuka. "Ng'ombe anavumilia mengi," akasema. Wiki nzima aliivaa kutoka alfajiri mpaka jioni. Wanawake wa kijiji waliokuwa wakipita na kuni walimuuliza kama serikali sasa inachunga wachungaji. Aliwajibu kwamba huo ni mkufu wa mkwe.

Jumatatu tulikuwa Kibaha. Nilisema kabla sijaulizwa. Niliposema kwamba karatasi zote za nyuma zilikuwa za ng'ombe mmoja, tena wa jikoni, Bwana Lyimo alivua miwani akaifuta muda mrefu sana. Nikapeleka karatasi tatu mpya dirishani, nikazishika kwenye mwanga.

Ya Bibi Harusi: uzi safi, saa nne mpaka saa tisa, kila siku ya Mungu. Ya Kimbunga: mikwaruzo minene asubuhi, minene jioni, na katikati ya mchana mikanda miwili mirefu ya cherehani, kwenda na kurudi. Kisha nikaichukua ya Mzee Pazi, nikaiweka juu ya ile ya Kimbunga, saa juu ya saa, nikaziinua pamoja. Mikanda ya cherehani ikalaliana. Mtu na ng'ombe walikuwa wametembea kwa pamoja, siku sita mfululizo, kwenye jua la mchana.

Meneja akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Wanakwenda wapi saa sita?"

"Mtoni bondeni," Mzee Pazi akasema. "Kunywa. Pampu ya birika la kunyweshea la juu imekufa tangu masika. Nililileta hilo hapa kwa karani."

Karani akafungua jalada. Taarifa ilikuwamo.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile niliulizwa usingizi, Ndugu Meneja. Maji sikuulizwa."

Hawakucheka mara hii. Kundi lilikuwa likikonda kwa safari, saa za kula zinaishia njiani. Pampu ilitengenezwa, si mara moja, vipuri vilikuwa shida miaka ile, lakini ilitengenezwa, na mizani ikaanza kusema mengine. Mzee Pazi alistaafu kwa siku yake, kwa heshima, na yule wa Kibaha aliyenong'ona ndiye aliyembebea sanduku mpaka kwenye gari. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ndiyo barua ya kwanza ya kazi niliyowahi kuingoja mpaka ikanifika mkononi, na mkiniuliza kuhusu vyeti vyangu, huwa naanza na hiyo. Baada yake nilikaa na zile saa miaka mingi kuliko kazi zangu zote za nyuma zikijumlishwa. Kila karatasi iliyotoka shambani kwetu tangu siku ile ilikuwa na jina la ng'ombe, na jina la aliyemfunga. Wageni wa utafiti walipokuja, Bwana Lyimo aliwaambia: huyu hakusoma, lakini karatasi zake unaweza kuziapia.

Kwa hiyo nilipowaona pale Misugusugu, sikutaka kuwazuia kazi. Kifaa chenu ni kizuri, ningefurahi sana kukifungua nione ndani. Nilitaka tu kuuliza yule ng'ombe aliyetulia ni wa nani, na kwa nini katulia.

Karatasi ya Mzee Pazi ninayo mpaka leo, kwenye bati la biskuti. Nta imekuwa ya manjano. Ukibana kioo cha fundi jichoni utaona, kila mchana, mahali pawili ambapo mwendo unakatika, na kuna vikwaruzo vidogo vilivyopangika, chini juu, chini juu. Pa kwanza ni adhuhuri, pa pili alasiri. Kwingine kote ni cherehani.

Siku ile tulipotoka ofisini nilimwonyesha mwenyewe. Aliishika juani, akaigeuza huku na huku.

"Sasa hii inasema nini, Fundi Saa?"

"Inasema mchana hujakaa kitako, Mzee, isipokuwa kwa sala."

Akanirudishia. "Hayo ungeniuliza ningekwambia," akasema, akavaa kofia yake, tukaenda kutafuta basi.